Mfuaji wa hospitali aliyekataa kusifiwa kwa mikono mitupu

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, taa mbili kati ya nne za chumba cha kufulia zinawaka. Mama Mpole ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono ameilaza mapajani kama mtu anayesubiri kupakwa dawa. Mbele yake kuna kilima cha shuka: za wodi ya wazazi, za watoto, za chumba cha upasuaji. Kilima kinamfika kifuani.

Nyuma yake, kwenye msumari ukutani, inaning'inia jozi moja ya glavu nene za mpira, zile ndefu za kufika kwenye viwiko. Ni mpya, bado zina unga ndani. Mtu ameziandika kwa wino mweusi: MAMA MPOLE.

Hajazivaa hata mara moja. Leo ni siku ya kumi na sita.

"Si kwamba sizitaki," anasema. "Nikiziangalia tu vidole vinaniwasha. Lakini imekuja jozi moja, na humu ndani tuko sita."

Ana miaka hamsini na sita, na kwa miaka kumi na tisa amefua shuka za hospitali hii ya kanisa. Jina la Mama Mpole alipewa na wagonjwa wa wodi namba tatu, kwa sababu siku moja alipanda ngazi mwenyewe kumrudishia mjane pete ya ndoa iliyokuwa imenaswa kwenye foronya. Angeweza kuituma. Alisema pete ya marehemu haitumwi.

Kazi yake haina siri. Shuka mia mbili na arobaini kwa siku, na siku za upasuaji huzidi. Mashine ni mbili. Moja ilikufa mwaka juzi na sasa ni meza ya kukunjia. Zenye damu huanza na maji baridi. "Ukiitia damu maji moto, imeshahamia," anaeleza. "Hiyo haitoki tena, hata ukiibembeleza."

Lakini kabla ya maji kuna kukung'uta. Wanawake wawili hushika shuka, kila mmoja pembe mbili, na kuitikisa polepole juu ya meza ya bati huku wamenyamaza kimya. Wanasikiliza. Pamba haina sauti. Sindano ikidondoka kwenye bati, inalia.

Kwa njia hiyo wameokota nyembe, vipande vya chupa za dawa, na siku moja meno ya bandia ya mzee aliyekuwa akiyatafuta tangu Jumatano. Ila sindano nyingine huganda kwenye damu iliyokauka, hazidondoki. Hizo hupatikana kwa mkono.

Ndiyo maana kuna glavu. Au ndiyo maana zilikuwepo.

Mikono ya Mama Mpole inahitaji kuangaliwa bila haraka. Kucha zimekuwa za njano. Ngozi kati ya vidole imepasuka, ikapona, ikapasuka tena. Ncha za vidole ni laini kama sabuni iliyotumika sana, kwa sababu dawa ya klorini imefuta michirizi yote.

Mwaka jana hospitali ilifunga mashine ya alama za vidole getini, ya kuonyesha nani amefika kazini. Mashine haimtambui. Kila asubuhi anabonyeza kidole, inawaka taa nyekundu, na kwa kumbukumbu za hospitali mwanamke huyu hakuja kazini miezi minane.

Anayemwokoa ni mlinzi wa getini, mzee mwenye kofia kubwa kuliko kichwa, aliyenunua daftari kwa pesa yake akawa anaandika kwa kalamu saa anayoingia na saa anayotoka. Mwisho wa mwezi analipeleka daftari ofisini mwenyewe, kwa miguu, ghorofa mbili juu. Hakuna aliyemwagiza. Alipoulizwa, alijibu kuwa yeye ameajiriwa kulinda, na jina la mtu nalo ni mali.

Nyumbani, Mama Mpole anaishi chumba kimoja na wifi yake, fundi cherehani, dada wa marehemu mumewe. Wifi huyo hana ulimi wa kufunga. Ndiye humpaka mafuta mikononi kila jioni, na kila jioni humpaka na maneno pia.

"Wifi yangu ni mtakatifu," anasema huku akisugua. "Mbinguni ameshapata kiti. Ila mikono imetangulia motoni."

Mama Mpole hucheka mpaka anakohoa. Zamani alikuwa akimsaidia wifi kushona vifungo. Sasa hawezi kushika sindano ya kushonea; inateleza vidoleni kama samaki. Anayeokota sindano za hospitali hawezi kushika ya nyumbani.

Haya yote yalianza na karatasi ndogo, saizi ya tiketi.

Karibu na kanisa dogo la hospitali kuna ubao wa mbao. Kila mwaka Kwaresima inapoanza, wafanyakazi hupewa karatasi za kuandika kitu walichojinyima kwa siku arobaini, kisha huzibandika pale kwa pini. Ni desturi ya hospitali na watu wengi waliipenda. Mmoja ataandika sukari, mwingine soda, mwingine umbea, na wenzake watamcheka kwa sababu umbea wake ndio huo ameshautoa getini asubuhi.

Miaka miwili iliyopita aliajiriwa mwanamke mmoja kijana, Mama Pacha, aliyekuwa ametoka kujifungua mapacha. Stoo wakati ule ilitoa jozi moja ya glavu kwa kila mfuaji kila miezi minne. Mama Pacha alifika katikati ya miezi hiyo, akaambiwa asubiri zamu. Siku ya tatu mikono yake ilikuwa imevimba.

Mama Mpole akavua za kwake akampa. Alizigeuza ndani nje, akazikausha na kumwekea kwenye ndoo yake. Na kwa kuwa Kwaresima ilikuwa imeanza, akachukua karatasi akaandika: "Nimejinyima glavu."

Hivyo tu. Maneno mawili. Hakuandika kwa nini, wala kwamba ni mpaka Pasaka, wala kwamba kuna mtu amezihitaji zaidi. Alidhani Mungu anajua yaliyobaki. Mungu alijua. Waliosoma ubao hawakujua, na hawakuuliza.

Mchungaji wa hospitali aliiona akaihubiri. Alisema kuna mama hapa kwetu anayeingiza mikono mitupu kwenye damu ya wagonjwa kwa ajili ya Kristo, na sisi tunalalamika chai imepoa. Watu walilia. Katibu wa hospitali, ambaye ndiye mwenye sauti juu ya fedha na vifaa vyote, aliichomoa karatasi ile kwenye ubao na kuiweka kwenye fremu ofisini kwake.

Pasaka ikapita. Wafuaji wakaenda stoo kuchukua glavu za zamu mpya. Mtunza stoo akawaambia fungu lao limepunguzwa: jozi mbili, kwa watu sita, za kupokezana.

Waliuliza kwa nini. Akawajibu kwa sentensi ambayo ilikuja kuwa wimbo wa jengo zima: "Mama Mpole mwenyewe havai, wewe nani?"

Ukitaka kuona jinsi jambo jema linavyonyongwa, lione hapo. Mwanamke alivua chake akampa mwenzake. Wakubwa wake wakaona kumbe inawezekana kufanya kazi bila, wakawavua wote, na yule aliyevikwa akavuliwa tena. Kisha jambo hilo likapakwa rangi ya Injili ili atakayelalamika aonekane anabishana na msalaba.

Kwa muda wa karibu miaka miwili, kila aliyeomba glavu alijibiwa kwa jina la Mama Mpole. Mmoja wao aliambiwa na mtunza stoo kwamba mvumilivu hula mbivu. Habari hiyo ilipomfikia wifi nyumbani, alisimamisha cherehani. "Mbivu wameshakula wao," alisema. "Nyinyi mmeachiwa kokwa, na mnaambiwa mseme asante."

Ofisi ya Katibu ina mapazia marefu ya rangi ya maziwa. Kila Ijumaa huteremshwa, na wanaoyafua ni wanawake hawa hawa. Kwenye ubao ule, kwa miaka yote, haijawahi kuonekana karatasi ya Katibu. Hakuna aliyewahi kuandika: nimejinyima mapazia.

Na jozi moja ya glavu zile, dukani, ni ujira wa mfuaji wa siku tatu. Walijaribu kununua wenyewe. Waliweza mara moja.

Mwaka jana, asubuhi ya Jumanne, ilikuwa zamu ya Mama Pacha kukaa bila glavu. Alikuwa akiloweka shuka za upasuaji. Walikuwa wamezikung'uta, na bati halikulia. Akaingiza mkono kwenye beseni, akautoa, akauangalia. Sindano ilikuwa imesimama kwenye kiganja, chini ya kidole gumba.

"Hakupiga kelele," anasema Mama Mpole. "Aliniangalia tu. Kama mtoto anayekuuliza, hii inauma kwa sababu gani?"

Muuguzi wa chumba cha upasuaji ndiye aliyemkimbiza kwenye bomba, akamshikilia mkono chini ya maji na sabuni, na kuketi naye mpaka dawa zikaandikwa. Siku ishirini na nane za vidonge vya kuzuia virusi vya Ukimwi. Miezi ya kupima na kurudi kupima. Hakuna aliyejua mgonjwa wa sindano ile ni nani.

Mama Pacha alikuwa bado ananyonyesha. Muuguzi alimweleza vizuri, mara tatu, kwamba asikate tamaa, kuna utaratibu. Lakini hofu haina masikio. Aliwaachisha mapacha ghafla. Kwa wiki mbili, kila saa tatu, alikuwa akitoka uani nyuma ya chumba cha kufulia, anakamua maziwa na kuyamwaga chini, ukutani, huku titi linavuja na watoto wanalia kwa jirani.

Vipimo vyake vyote, mpaka cha mwisho, vilitoka salama. Anasema amemshukuru Mungu. Anasema pia kwamba ukuta ule hawezi kuupita bila kugeuza uso.

Wenzake walingoja Mama Mpole aseme. Yeye ndiye alikuwa na sikio la wakubwa. Jina lake ndilo lililofunga mlango. Lake tu ndilo lingeufungua.

Hakusema. Wiki kumi na moja hakusema, na hili analieleza mwenyewe, bila kuulizwa, akiangalia ile mikono.

"Nilikuwa nimezoea kuitwa mfano," anasema. "Nikipita, watu wananyanyuka. Mchungaji ananitaja. Nikaogopa nikiomba glavu wataniona wa kawaida. Mwenzangu anamwaga maziwa ukutani, mimi nalinda jina."

Kisha hospitali ikatangaza kumtunuku. Mtumishi wa Mwaka. Ingekuwa Jumapili, mbele ya wafanyakazi, wagonjwa wanaoweza kutembea na wageni waliokuja kuikagua hospitali. Zawadi ilikuwa saa ya ukutani na ile karatasi yake ya zamani, sasa kwenye fremu kubwa zaidi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo wifi alimpaka mafuta kama kawaida, ila safari hii alikuwa kimya, jambo lililomtia Mama Mpole wasiwasi. Mwisho akasema: "Kesho watakupa karatasi. Mama Pacha walimpa sindano. Wewe ndiye unajua mnagawanaje."

Waliokuwepo Jumapili ile wanasimulia vivyo hivyo, awe mpishi au daktari. Mama Mpole aliitwa, akapanda, akapokea fremu. Akapewa kipaza sauti aseme neno la shukrani.

Alianza kwa kushukuru kweli: mlinzi kwa daftari lake, muuguzi kwa siku ya sindano, wapishi wanaowaachia wafuaji maji ya moto asubuhi za baridi. Kisha akaigeuza fremu ili isomwe na watu wote, akasema karatasi ile aliiandika vibaya na anaomba kuisahihisha.

Akaeleza glavu zilikwenda kwa nani. Akaeleza Kwaresima ilikuwa ya siku arobaini, na hizi zimekuwa karibu mia saba. Akamwomba Mama Pacha msamaha kwa jina, mbele ya wageni. Halafu akasema maneno ambayo sasa yameandikwa kwa chaki kwenye mlango wa chumba cha kufulia, na hakuna anayethubutu kuyafuta.

"Bwana alisema anayetaka kumfuata ajikane mwenyewe. Hakusema amkane jirani yake. Mimi nilijinyima glavu zangu. Za wenzangu, nani aliwapa ninyi ruhusa ya kuwanyima?"

Akaiweka fremu chini, taratibu, isivunjike, akashuka. Saa ya ukutani aliiacha mezani.

Mlinzi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alivua kofia yake.

Katibu alikuja kusema baadaye kwamba roho ya kulalamika si roho ya utumishi. Jumatatu alituma jozi moja ya glavu, na jina juu yake. Ndizo hizo msumarini. Aliyezileta aliambiwa amwambie mama kwamba sasa ameridhishwa, arudi kuwa mfano.

Wafuaji wakakaa kikao juu ya ndoo zao. Wakaamua: kuanzia siku ile shuka yenye damu haiguswi kwa mkono mtupu. Jozi mbili za zamani zilizochanika, ambazo mlinzi alizibandika viraka kwa gundi na mpira wa baiskeli, zingevaliwa na wawili wawili. Wengine wangefua zisizo na damu, wakunje, wapige pasi. Kazi ingekwenda, ila kwa mwendo wa glavu zilizopo.

Katibu aliteremka mwenyewe, kwa mara ya kwanza ambayo yeyote anaikumbuka. Aliuliza wagonjwa watalala wapi. Ni swali zuri, na Mama Mpole hakulikwepa. Alimwambia swali hilo linamuumiza kila siku, na kwamba lilipaswa kuulizwa stoo, miaka miwili nyuma.

Wa kwanza kushuka kusaidia alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji. Sasa hapeleki shuka chini mpaka azikague mwenyewe, juu, kwenye mwanga, na kifuko cha sindano alizozitoa hukituma pamoja na shuka ili wafuaji wazihesabu na watulie.

Wa pili alikuwa mchungaji. Ni kijana bado, na alikuja macho yakiwa mekundu. Aliomba afundishwe kukung'uta. Mama Mpole akamshikisha pembe mbili, akamwambia anyamaze, jambo ambalo, anasema kwa utani, si rahisi kwa watu wa kazi ile. Walipofika shuka ya tano, bati lililia. Sindano. Mchungaji aliiinamia.

"Nilihubiri karatasi," alimwambia. "Sikuja kuangalia mikono."

Mama Mpole anasema hajawahi kusikia mahubiri mafupi na mazuri kuliko hayo.

Hajaacha kuamini katika kujinyima. Hapo hataki kueleweka vibaya tena. Bado anafunga. Bado humwachia mwenzake kivuli cha uani saa ya mapumziko. Anachosema ni kwamba alikosea kitu cha kukiacha. Glavu alizitoa kwa siku moja na hazikumuuma moyo. Sifa ya kuitwa mpole ndiyo aliyoikumbatia, na hiyo ndiyo aliyotakiwa kuivua. "Glavu zinatoka haraka," anasema. "Sifa imegandamana na ngozi."

Amebakiza miaka minne kustaafu. Anataka astaafu akiwa na vidole vinavyoweza kushika sindano, akae na wifi washone nguo za watoto wachanga, zenye vifungo. Kwaresima inaanza wiki ijayo, na amekwisha mwomba mchungaji jambo moja: mwaka huu ubao ule usiwekwe kanisani. Uwekwe ukumbini ghorofa ya pili, nje ya mlango wa Katibu, na karatasi zianzie ndani ya mlango huo. Mchungaji ameahidi kuubeba mwenyewe.

Saa moja kamili mlango wa chumba cha kufulia unafunguliwa. Ni mtunza stoo, amebeba boksi. Nyuma yake yupo mchungaji, ambaye inaonekana amekuwa stoo tangu kabla ya jua kutoka. Mtunza stoo hasemi wimbo wake wa siku zote. Anaweka mezani jozi tatu mpya na daftari la kusaini.

Mama Mpole ananyanyuka kwenye ndoo. Anageuka, anaitoa ile jozi ya msumarini na kuiweka pamoja na hizo. Nne.

Anampa Mama Pacha ya kwanza, ile iliyoandikwa MAMA MPOLE, na kumsaidia kuivuta mpaka kwenye kiwiko kama anayemvisha mtoto wa shule. Nyingine tatu zinakwenda kwa watatu wanaofuata kwa ugeni wa kazi. Wanne wanasogelea kilima cha shuka. Shuka ya kwanza inashikwa pembe nne, chumba kinanyamaza.

Zile za viraka zimeshapasuka; yeye na mwenzake mmoja wanarudi kwenye ndoo zao kusubiri shuka zisizo na damu, mikono mapajani.

Mtunza stoo anamsogezea daftari na kalamu. Mama Mpole halisaini. Analirudisha upande wake, kwa upole uleule uliompa jina, na kumwelekeza kwa kidole kisicho na michirizi mahali pa kuandika.

"Andika, bado mbili," anamwambia. "Na tafadhali mwanangu, usiandike nimejinyima."